Magoti ya Mercyline

Mwanamume mwingine akimpenda mwanamke huko Dubai humnunulia manukato pale soko la Naif, akajiona amemaliza. Jairus alikuwa fundi wa kuchomelea, na mapenzi yake yote yalipitia kwenye chuma. Namhurumia mpaka leo, ingawa kuna siku natamani kumzaba kofi.

Alitoka Tukuyu, akaajiriwa karakana iliyotengeneza mageti na ngazi, na vilevile shabaha za uwanja mmoja wa kulenga risasi kule jangwani. Shabaha zenyewe zilikuwa sahani nene za chuma, zimepangwa safu juu ya bomba. Sahani ikipigwa risasi inalala chali. Zikishalala zote, wapigaji wanaweka bunduki chini, kengele inalia, na mtu anatembea mpaka kule kuziinua moja moja kwa mkono. Akirudi wanaanza upya. Ni hivyo kutwa nzima, hata Agosti.

Mtu huyo alikuwa Mercyline, Mkisii wa Nyamira. Walijuana kanisani kwenye ibada ya Ijumaa asubuhi, siku ya mapumziko huko, wakapendana bila makeke. Walikubaliana kwamba Desemba wangechukua likizo pamoja, Jairus apeleke washenga Nyamira, kisha warudi Dubai mume na mke. Kila baada ya ibada Mercyline alikaa kwenye ngazi za kanisa akijikanda magoti.

"Yanauma sana?" Jairus aliuliza.

"Si unajua ni kuinama tu siku yote," alisema akicheka. "Nikizeeka utanibeba."

Jairus hakucheka. Moyo ulimchoma, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuwaza kwa mikono, wiki ileile alianza kuokota vyuma chakavu. Kila alipomaliza kazi za karakana alitengeneza safu mpya, yenye mtaimbo mrefu nyuma ya sahani, springi, na kebo inayofika mpaka wanaposimama wapigaji. Ukivuta kebo, mtaimbo unazisimamisha sahani zote kwa mkupuo. Ukiachia, springi zinaurudisha chini. Springi za kwanza zilikuwa laini mno, akazitupa. Alipinda bawaba upya, akaungua vidole. Hakumwambia Mercyline neno, alitaka iwe zawadi.

Alipoimaliza alimwonyesha arbab, yaani mwenye karakana, naye akaipeleka uwanjani. Siku ya kuifunga, meneja wa uwanja, ambaye wote walimwita sir, alifyatua risasi hadi sahani zikalala zote. Akavuta kebo, zikasimama. Watu walipiga makofi, na Mercyline alipiga kuliko wote, akimtazama mtu wake kwa fahari ambayo Jairus hakuwahi kutazamwa nayo maishani.

Sir alivuta tena, na tena. Kisha akamgeukia msimamizi na kusema kama mtu anayeagiza chai, "Khalas, imetosha. Huyu msichana sasa wa nini? Visa yake futeni."

Jairus alimkimbilia. "Sir, springi hizi zitachoka. Lazima awepo mtu wa kuinua sahani."

"Zikichoka utakuja wewe," sir alimjibu, akimpigapiga begani. "Kazi safi."

Wapo wanaouliza mbona hakuiharibu. Aliiharibu. Siku ya pili alipotumwa kukaza nati, alilegeza springi kusudi, sahani zikagoma kusimama. Arbab wa karakana alikuja mwenyewe na spana, akazikaza, akamwambia akirudia atapanda ndege yeye. Hapo Jairus hakuigusa tena. Kwao Tukuyu kulikuwa na watu wanaokula kwa mkono wake, lakini simtetei.

Alimkuta Mercyline nje ya makazi ya wafanyakazi, begi miguuni, akamwambia ukweli wote.

"Niliitengeneza kwa ajili yako. Nilitaka upumzike."

Mercyline aliketi juu ya begi lake. "Hukuniuliza."

"Nilitaka nikufurahishe."

"Haya magoti yalikuwa yananiuma, Jairus. Lakini ndiyo yalikuwa yananilisha, na mamangu pia. Ungeniuliza ningekwambia uyaache hivyo."

Jairus alilia hadharani, madereva wakimtazama. "Nitakuja Desemba, na washenga, vilevile tulivyopanga."

"Usikuje, hutanipata. Ajenti ashanitafutia kazi ya nyumba Riyadh. Nyumbani naenda kuaga tu." Alimfuta machozi kwa kiganja. "Madam wa huko akinikubalia kukaa na simu, nitakupigia."

Gari la kampuni lilipiga honi, akapanda.

Desemba ile uwanja uliagiza safu nyingine nyingi, na hakuna fundi mwingine aliyejua kuzitengeneza. Jairus alinyimwa likizo, akaongezewa mshahara. Alizitengeneza zote, simu akiwa ameiweka mezani mbele yake, maana kelele za mashine zingemfanya asiisikie ikilia. Kutoka Riyadh hakupigiwa hata mara moja.