Cherehani ya Baba Iliyoingia Kwenye Kitabu cha Akinyi

Tulikuwa sita, na wote nawakumbuka walipokaa. Akinyi, Mkenya, mwenye nyumba, ndiye aliyeanzisha kikundi cha kusoma vitabu pale Ixelles, mtaa wa Brussels, Maman Georgette wa Lubumbashi, jirani yake wa ghorofa ya chini, binti yangu Rukia, Salma, mtoto wa huyo Rukia, mimi Mwajuma, na jikoni, Zuhura, mdogo wangu, baba mmoja mama mbalimbali. Naandika kwa aibu, maana Rukia akiniangalia bado anacheka, na mimi sicheki.

Na Zuhura tulikuwa hatusemeshani miaka kumi na moja kwa sababu ya cherehani ya marehemu baba, aliyoichukua siku ya arobaini akaenda nayo kwake Nzega bila kuniaga. Rukia akamkatia tiketi aje Brussels wiki tatu, tupatane kabla hatujafa. Akaniapisha: "Mama, neno cherehani lisikutoke mpaka mama mdogo apande ndege Jumanne." Siku kumi na tisa niliweza, ulimi nimeuuma mpaka umechoka.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kiingereza, hadithi ya dada wawili wa Marekani wakati wa vita, Doroti na Peli, nao (angalieni mambo!) baba mmoja mama mbalimbali. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo Salma alikuwa ananisomea na kunifasiria huku naosha vyombo, tukafika pale wanapopata kazi kiwandani, wanashona miavuli ya askari wanaoruka kutoka kwenye ndege, basi, mitihani ikamwita, yeye akakimalizia peke yake usiku, mimi nikabaki nusu.

Sasa Akinyi ana sheria yake: ambaye hajamaliza anakwenda jikoni kukaanga sambusa, mlango unafungwa, asiharibiwe utamu wa mwisho. Zuhura hajasoma hata ukurasa, kaenda. Akinyi akanigeukia: "Na wewe, Bibi Mwajuma, umemaliza?" Nikawaza, tukakae wawili tu na Zuhura, mafuta ya moto katikati? Nikasema, "Nimemaliza, mwanangu." Hilo tu. Hilo moja.

Salma akanitolea macho.

"Haya, bibi," Akinyi akasema, "yule mdogo mtu ulimwonaje?"

Si ningesema mzuri nikanyamaza! Lakini niliposema tu ana tamaa, mdomo ukapata mteremko, nikasema alingoja baba azikwe, watu wanakula pilau ya arobaini, yeye anabeba cherehani ya miguu, ile nyeusi yenye maua, anaipakia kwenye lori, hata kwaheri hakuna, na dada mtu ndiye aliyekuwa anamtilia baba uzi sindanoni macho yalipofifia!

Maman Georgette akapekua kitabu. "Alors, maman, ile iko ku page gani? Miye siyaiona."

"Mwishoni," nikasema, jasho linanitoka. "Alipoipeleka Nzega."

"Nzega?" Akinyi akasema. "Nzega ya Amerika?"

Rukia akajifunika uso kwa mtandio. Na ule mlango, jamani, haukuwa umefungwa. Zuhura kasimama pale na kijiko cha matundu, mafuta yanadondoka kwenye zulia la watu.

"Malizia basi, dada Mwajuma," akasema. "Sema huyo mdogo mtu aliibeba kwa sababu kaka zao walishapata mnunuzi. Sema hajaishonea hata kitambaa, kaifunika kanga, anamngoja dada mtu aje aichukue, na dada mtu anatuma maneno, mwenyewe haji."

"Ungeniambia!"

"Ungeniuliza!"

"Bon!" Maman Georgette akapiga paja. "Ile njo kitabu!" Yaani hicho ndicho kitabu.

Sambusa zikaungua. Akinyi akatupeleka jikoni sote wawili, sheria ni sheria, nikakaa na Zuhura na mafuta ya moto katikati, vile vile nilivyokimbia. Ninachochukia ni hiki: miaka kumi na moja ya kununa, mingi yake nikiwa bado Tabora, na Nzega ni basi la asubuhi tu!

Kitabu ambacho sijakimaliza sisemi tena nimekimaliza. Nitakwenda jikoni mwenyewe, na aproni nitavaa. Kama nimekosea jina la mtu au mahali alipokaa, mliokuwapo nisahihisheni. Ila Zuhura anasema maua ya cherehani yalikuwa ya dhahabu na mimi nasema mekundu. Hapo msinisahihishe, ngojeni nifike Nzega nikaangalie mwenyewe.