Mama Mkwe Aliyenifunza Kukwepa Torpido

Nilianguka kutoka kwenye ngazi asubuhi ya Jumatatu, katika hoteli moja ya Paje, bisibisi ikiwa bado mkononi. Mimi ni fundi wa viyoyozi. Kupanda ngazi ndiyo kazi yangu, na ile wala haikuwa ndefu. Mguu wake mmoja ulididimia mchangani, ikalala upande, nami nikaenda nayo. Mfupa wa paja la kulia ulivunjika mahali pawili. Hospitali walinitia chuma, kisha wanaume wanne wakanibeba mpaka nyumbani Mkunazini, mjini, orofa ya tatu, katika nyumba ya zamani ambayo ngazi zake ni za mbao, nyembamba, na zimesimama kama ukuta. Daktari alisema wiki sita kitandani, kisha magongo, kisha tutaona.

Mke wangu ni mwalimu, na mwaka ule alikuwa na darasa la mtihani. Hakuweza kukaa nyumbani kuniuguza.

"Nshamwambia mama aje," aliniambia jioni ile, huku akinipangia mito.

Mama yake ni mkulima wa mwani wa kijiji cha Jambiani. Katika miaka mitano ya ndoa sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya kumwamkia na kuulizana hali. Mkwe hustahiwa, hilo nililijua tangu utotoni, lakini baina yetu palikuwa na jambo jingine mbali na heshima. Nilijua hakunitaka. Hapana mtu aliyeniambia. Nilimwona uso wake siku ya posa, ikatosha.

Alifika kesho yake na begi moja la nguo, kikapu cha mihogo, na mbuzi yake ya kukunia nazi, kana kwamba mjini hakuna mbuzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole, baba. Unaumwa sana?"

"Alhamdulillahi, nnaendelea."

Basi, mazungumzo yakaisha hapo. Asubuhi, jirani yetu fundi cherehani alipanda kuja kunisaidia kuoga na kujisafisha, kwa sababu hilo mkwe hawezi kulifanya. Mchana yeye mama aliniletea chakula kwenye sinia, akaliweka kwenye kiti kando ya kitanda huku akitazama ukutani, akatoka. Akakaa ukumbini peke yake. Mimi nikakaa chumbani peke yangu. Mchuzi wake wa pweza ulikuwa mtamu mno na sikujua nimwambieje.

Siku ya nne nikaomba nipewe laptopu yangu ya kazi. Ndani yake mlikuwa na gemu la vita vya baharini ambalo wenzangu wa kazini walilipenda: manowari za zamani, watu kumi na wawili dhidi ya kumi na wawili, kila mmoja anaendesha meli yake kutoka nchi yake, kwa intaneti. Nilichagua meli kubwa, nzito, yenye mizinga ya kutisha. Nikaweka laptopu kwenye meza ndogo ya kulia kitandani, nikaanza.

Nilizama. Nikaanza tena, nikazama tena. Mizinga ya adui haikunishinda sana. Kilichonimaliza ni torpido, yale makombora yanayokwenda chini ya maji. Meli ndogo ya adui hujificha nyuma ya moshi, huyatupa, na wewe unachokiona ni michirizi myeupe tu juu ya maji, minne au mitano, inakujia kama vidole. Ukiiona karibu, umechelewa. Meli kubwa haigeuki upesi.

Siku moja baada ya adhuhuri nilipigwa na torpido nne kwa pamoja, nikapiga ukelele: "Lahaula!"

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mama mkwe alikuwa amesimama, unga mikononi, macho yamemtoka. Alidhani nimeanguka kitandani.

"Kuna nini?"

"Hapana kitu, mama. Nisamehe. Ni gemu tu."

Angeweza kuondoka. Badala yake alisogea hatua mbili, akatazama kioo. Meli yangu ilikuwa inazama kwa ubavu, moshi mweusi juu.

"Hii ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi."

"Na ile michirizi ndiyo iliyokuua?"

Nilimweleza torpido ni nini. Alisikiliza bila kupepesa macho. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejizuia asimkosoe mkwe wake, "Basi mbona uliikimbia ukaipa ubavu wote?"

Akaendelea, "Sisi tukitoka mwanini na kiroba kichwani, na maji yanarudi, wimbi likija hatulikimbii. Ukilikimbia linakuangusha na kiroba chako. Unaligeukia, unalipa bega, linapita huku na huku. Hebu anza tena nione."

Alikwenda kunawa mikono. Aliporudi alikuwa amebeba ile mbuzi ya nazi, akaikunjua kando ya kitanda, akaikalia kama kigoda, mgongo wima, kanga ameifunga vizuri kichwani.

Nikaanza tena. Dakika chache tu, michirizi mitatu ikatokea upande wa kushoto. Mkono wangu ulitaka kukimbia, kama ulivyozoea. "Igeukie!" alisema. Nikaigeuzia omo, ule upande wa mbele wa meli, polepole, polepole, huku kengele ya hatari inalia. Mchirizi mmoja ukapita kulia. Wa pili ukapita kushoto, karibu kabisa na chuma. Wa tatu ulikuwa mbali. Meli yangu ikapita katikati bila hata mkwaruzo.

"Alhamdulillahi!" mama mkwe alisema kwa sauti kubwa, akapiga makofi mara moja, kisha akaona haya akajifunika mdomo kwa kanga.

Tangu siku hiyo, kila baada ya sala ya adhuhuri na kula, alikuja na mbuzi yake. Mimi naendesha, yeye anatazama maji. Macho yake yalikuwa makali kuliko yangu. Aliiona michirizi mapema kabisa, ikiwa bado kama uzi. Siku ya pili alinambia kosa langu jingine: nilikuwa nakwenda mwendo mmoja tu, moja kwa moja, tangu mwanzo mpaka nife.

"Marehemu mume wangu alikuwa akichoma samaki kwa mkuki," alisema. "Alikuwa hatupi pale samaki alipo, anatupa pale anapokwenda. Na huyu wako mwenye moshi anafanya hivyo hivyo. Anajua utakapokuwa. Punguza mwendo kidogo, kisha ongeza. Mkoroge akili."

Nikapunguza, nikaongeza. Torpido zikapita mbele yangu, mahali ambapo ningekuwepo. Siku nyingine nilikuwa na haraka ya kulenga mizinga nikasahau maji, naye akapaza sauti: "Kulia! Kulia, mwanangu!" Niligeuza kulia, tukapona. Baadaye tu, nilipokuwa nakunywa chai, ndipo nilipokumbuka alivyoniita. Mpaka siku ile nilikuwa "baba," kama anavyoitwa mwanamume yeyote.

Tulianza kuzungumza. Kati ya vita na vita, wakati gemu linatafuta wachezaji, alinieleza habari za mwani unaooza siku hizi kwa sababu maji yamekuwa ya moto, wanawake wanaosogeza vigingi vyao mbali zaidi kutafuta maji baridi, magoti yanavyouma. Nami nilimwambia jambo ambalo sikumwambia mke wangu, kwamba kila nikifumba macho naiona ile ngazi inalala. Hakunipa nasaha. Alisema tu, "Inatisha, eti." Nikashukuru kwa hilo.

Wiki ya tano, alasiri moja, tulikuwa katikati ya vita vizuri. Nilikuwa nimezamisha meli mbili na sijaguswa. Halafu mama mkwe akasema, macho bado yako kwenye kioo, "Mwanangu, mimi nilikukataa."

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Nilikuona siku ya posa."

Akavuta pumzi. "Nilisema babu yake huyu kaja kutoka bara kuchuma karafuu, hatuwajui ni watu gani. Marehemu ndiye aliyekubali. Mimi nilikaa mwezi mzima simsemeshi binti yangu. Na miaka yote hii nikija hapa nnakaa nusu siku naondoka. Hujanikosea kitu hata kimoja. Nisamehe."

Niligeuza uso nikamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tunatazamana machoni. Alikuwa na machozi, mwanamke ambaye nilimwogopa miaka mitano. Nikafungua kinywa nimjibu, na papo hapo laptopu ikaunguruma: torpido tatu, ubavuni, zote.

Tukageuka kutazama. Meli ilikuwa imekatika vipande viwili.

"Tumekufa?" aliuliza.

"Tumekufa, mama."

Alianza kucheka. Alicheka kwa sauti ya chini kwanza, halafu akashindwa kujizuia, akashika ubavu, mbuzi ikayumba chini yake. Nami nikacheka mpaka paja likauma na nikamwomba anyamaze. Tulipotulia nikamwambia, "Nshakusamehe, mama. Zamani." Haikuwa kweli kwamba ilikuwa zamani. Ilikuwa dakika ile ile.

Wiki sita zikatimia. Nikapewa magongo. Chumbani na ukumbini nilitembea vizuri, lakini kila nilipofika kwenye ngazi za kushukia chini, jasho lilinitoka. Siku tatu mfululizo nilifika pale, nikarudi. Mke wangu nilimwambia mguu bado unauma. Siku ya nne, mke wangu akiwa shuleni, mama mkwe alisimama nyuma yangu.

"Unaumwa, au unaogopa?"

Nilitaka kusema naumwa. "Naogopa," nilisema.

"Haya." Akanipita, akashuka kipandio kimoja, akageuka kunitazama mimi, kinyumenyume, mkono mmoja ameshika kamba ya ukutani. "Nitangulie mimi. Wewe niangalie uso, usiangalie chini. Ukianguka utaniangukia mimi, na mimi mnene, hutaumia."

Tukashuka hivyo, yeye kinyumenyume na mimi na magongo yangu, kipandio kimoja kimoja. Kwenye kona ya orofa ya pili nilisimama muda mrefu. Hakunihimiza. Alingoja, akisoma kitu kwa kunong'ona. Sijui ilituchukua muda gani. Nilijua tumefika nilipohisi joto la jua miguuni, na fundi cherehani akaacha mashine yake ikiwa na nguo ndani akakimbilia kuniwekea mto barazani. Watu wa mtaa wakaja kunipa mkono. Mtu akaagiza kahawa. Nilikaa pale mpaka adhana ya adhuhuri, na sidhani nimewahi kuuona mtaa wetu, pamoja na uchafu wake na pikipiki zake, ukiwa mzuri namna ile. Mama mkwe alikaa pembeni kidogo, anasugua goti lake.

Alirudi Jambiani wiki iliyofuata, kwa kuwa bamvua ilikuwa inakaribia, siku ambazo maji hupwa mpaka mbali na wakulima wa mwani huingia shambani. Hapo ndipo nilipofikiri jambo ambalo nilipaswa kulifikiri tangu mwanzo. Nilimuuliza mke wangu: mama alikaa kwetu karibu miezi miwili, bamvua tatu au nne zimepita, mwani wake ulikuwa na nani?

"Wenzake," alisema. "Waligawana zamu. Hukujua?"

Sikujua.

Nilipoweza kutembea na gongo moja, nilikwenda Jambiani kuwashukuru. Ilikuwa asubuhi, maji yamepwa. Mama mkwe alinishika mkono tukatembea juu ya mchanga wenye maji mpaka kwenye vigingi vyao. Walikuwepo wanawake watano wamechutama, wanafunga vishada vya mwani kwenye kamba. Nikawaamkia mmoja mmoja, nikawaambia nilichokwenda kuwaambia. Mkubwa wao alisema si kitu, kisha akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye gongo.

"Wewe ndiye unayezamishwa kila siku?"

Wote wakacheka, na mama mkwe akacheka kuliko wote. Halafu wakanipa kamba na rundo la mwani, wakanionyesha namna ya kufunga fundo. Nilikaa majini, mguu wenye chuma umenyooka mbele yangu, maji ya vuguvugu mpaka kiunoni. Nilifunga vishada kumi na kimoja. Vinne vilifunguka kabla hatujatoka, na mama mkwe akavifunga upya.