Ufuo Juu ya Shamba la Akko

Juzi lori lilimwaga mchanga mbele ya nyumba yangu. Ulikuwa bado mbichi, umetoka mtoni, na harufu yake ya tope na majani yaliyooza ilinisimamisha mlangoni. Nikajikuta Merti, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa na umri wa miaka minane.

Baba alikuwa dereva wa lori. Likizo ile alinishusha kwa bibi yangu mzaa mama, tuliyemwita Akko, kama Waborana wanavyomwita bibi. Ukame ulikuwa umemmalizia ng'ombe wote. Alibaki na shamba dogo la mahindi na kunde kando ya Ewaso Nyiro, alilolimwagilia maji kwa debe. Mama alikuwa amembembeleza mara nyingi ahamie kwetu Isiolo mjini. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Na mahindi yangu nimwachie nani? Nyani?"

Mvua haikunyesha Merti. Ilinyesha mbali, milimani, nasi tukaona tu mto ukija mwekundu chini ya anga isiyo na wingu, ukinguruma. Akko alikimbilia shambani. Majirani wawili walimshika kiunoni wakamvuta hadi juu, naye akiwasukuma.

Siku ya nne maji yalishuka. Mimi na binamu yangu Talaso tulikimbia mtoni, tukakuta ufuo ambao haukuwapo: mpana, mweupe, safi kama shuka iliyoanikwa. Upande wa juu kulikuwa na mawe ya mviringo, kisha kokoto, kisha mchanga laini, na mwisho kabisa tope jepesi kama uji. Vijiwimbi vilikuwa bado vikipiga ukingoni, vikiuchora mchanga mistari. Tulijigaragaza mpaka masikio yakajaa.

"Akko, njoo uone! Mto umetuletea mchanga!"

Alikuja polepole. Nilimwuliza nani ameyapanga mawe vizuri hivyo. Akachuchumaa.

"Ni maji," akasema. "Yakiwa na nguvu yanabeba kila kitu. Yakianza kuchoka yanaweka mawe chini kwanza, kwa sababu ni mazito. Halafu kokoto. Mchanga yanaenda nao mbele kidogo. Tope ndilo la mwisho."

"Na yameutoa wapi?"

"Kwa watu wengine, huko juu."

Kisha akaanza kuchimba kwa mikono. Tulidhani ni mchezo, tukachimba naye tukicheka, tukishindana nani atafika chini. Mkono wake ulizama hadi kwapani ndipo akavuta bua moja la mahindi, jeusi, limevunjika. Akalitazama, akalirudisha shimoni, akalifukia na kusawazisha mchanga kwa kiganja. Hakutukataza kucheza. Aliketi pale akatungoja mpaka tukachoka wenyewe.

Baba alipopita na lori wiki iliyofuata, Akko alimwambia neno moja: "Nipeleke."

Sikuwahi kufurahi vile. Likizo moja nilikuwa nimepata ufuo, na sasa nampata bibi wa kuishi naye. Alipanda mbele, akaketi kati yangu na baba, kifurushi cha nguo mapajani, na hakugeuka kutazama nyuma. Nilimsimulia habari za shule yetu, za paka wetu, za kitanda tutakacholala pamoja, mpaka taa za Isiolo zikaonekana. Hakunijibu hata neno. Kwa miaka mingi niliamini ni kelele za injini.