Ufa Uliopita Kando ya Kaburi la Babu

Juzi hapa Majengo, muuza duka alinionyesha kwenye simu yake video ya barabara ya lami iliyochanika katikati baada ya tetemeko, huko nchi za mbali. "Hii ya kutengeneza," akasema. "Ardhi haiwezi kufanya hivi." Lakini mimi niliwahi kuiona ardhi iliyochanika, nikiwa darasa la nne, kijijini kwa bibi, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Songea mjini.

Tulikuwa uani tukipukuchua mahindi. Kwanza kuku walinyamaza. Halafu ikaja ngurumo kutoka chini, na punje zikaanza kurukaruka kwenye ungo pasipo mkono kuzigusa. Bibi alinivuta kifuani mpaka ikapita. Nyumba ilibaki imesimama, ila ukuta wa jiko uliinama.

Ufa tuliuona baadaye. Ulianzia shambani, ukakata njia ya kisimani, ukapita kando ya kaburi la babu. Nilipenda kupima vitu, nikaupima. Kiganja changu kiliingia kwa ubapa. Upande mmoja wa njia ulikuwa umeshuka kiasi cha kifundo cha mguu, na mstari wa mihogo ulionyooka ulikuwa umekatika, nusu yake imesogea pembeni hatua yangu moja nzima.

Bibi hakuitazama mihogo. Kando ya kaburi alikuwa ameweka matofali manne kuonyesha mahali atakapolazwa yeye siku akifa, na ufa ulikuwa umepita katikati ya matofali hayo.

Babu mdogo, mdogo wake marehemu na mkubwa wa ukoo, alikuja akachungulia, akasema, "Hapa hazikwi mtu tena. Ardhi yenye mdomo wazi ukiilisha mmoja, inaomba wa pili."

"Basi nitaufunga huo mdomo," bibi akajibu.

Kiangazi chote tulibeba udongo wa kichuguu kwa vikapu, yeye akiushindilia kwa mchi. Mvua zilipokuja udongo ukadidimia, tukaanza upya. Jirani yetu alikuwa Mhehe mfyatua matofali, kwa hiyo mtani wetu sisi Wangoni. Alikuwa akipita anasimama kutucheka: "Mahindi yamewashinda kula, sasa mnalisha shimo?" Bibi hakuacha kutwanga. "Ningelilisha wewe, ila litatapika." Jioni tulikula naye ugali na likolo, mboga ya majani ambayo mkono wa bibi pekee ndio uliojua kuipika, naye akilalamika kwamba amepakuliwa kidogo.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili. Babu mdogo akaagiza kaburi lichimbwe mwisho wa shamba, mbali na mumewe. Hakuna mwanaukoo aliyethubutu kumpinga. Mama yangu alilia tu.

Ndipo mtani alipofika na jembe begani. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye yale matofali, akalala chali.

"Mimi nimeshalala. Ardhi ikinimeza, mmepona. Isiponimeza, mleteni huyo mchoyo wa likolo alale na mume wake."

Waombolezaji wakacheka huku machozi yakiwatiririka. Babu mdogo akamwamuru ainuke. Mtani akafumba macho, akakoroma. Na mtani msibani hakasirikiwi. Hilo hata babu mdogo asingeweza kulivunja. Alivua kofia, akaishika mkononi. Mwisho alicheka kwa pua, akageuka.

"Chimbeni," akasema.

Bibi amelala hapo mpaka leo. Ufa wenyewe hauonekani tena. Vijana wanaolima shamba lile sasa hawajui kwamba uliwahi kuwapo.

Mwaka jana tulimzika yule mtani. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, na msemaji mwenye kipaza sauti akisoma ratiba. Nilikuwa nimeandaa tusi moja zito, la kumfanya hata mjane wake acheke. Ilikuwa zamu yetu Wangoni. Msemaji alitaja kila kundi na dakika zake, watani hatukuwemo. Nilitazama kulia na kushoto, hakuna aliyenyanyuka. Nami sikunyanyuka. Tulimfukia kimya, kama mtu ambaye hakuwahi kumchekesha yeyote.