Wimbo Uliopura Mtama wa Kijiji

Juzi mjukuu wangu anayesoma chuo alikuja hapa Ilongero akaniambia wasomi bado wanaulizana kwa nini binadamu anapenda muziki, maana muziki haushibishi. Nilicheka, ndugu yangu. Mimi niliishia darasa la pili, nyumba hii nimeijenga kwa alizeti yangu mwenyewe, na jibu ninalo tangu usichana.

Wakati ule tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, watu wa kila upande, hatujuani. Mtama wa shamba la kijiji ulikubali, tukautandaza kwenye kiwanja tulichokisiliba kwa mavi ya ng'ombe. Lori lingekuja Jumamosi. Lisipokuta mtama umepurwa lingeondoka tupu, na mchwa wa kule hawana huruma.

Tulisimama mistari miwili, tunatazamana, kila mtu na fimbo. Bibi yangu ndiye aliyeanzisha wimbo. Mstari wetu ukipiga, wa pili unainua. Vumbi linawasha shingo, lakini mikono haichoki.

Alhamisi akaja bwana shamba, kijana wa suruali iliyopigwa pasi. "Nyamazeni! Nguvu zote mnazimalizia mdomoni."

"Mwanangu," bibi akamwambia, "mdomo huu ndio unaoshika fimbo."

Hakusikia. Tukanyamaza, serikali imesema. Haukupita muda fimbo zikaanza kugongana, na moja ikatua kwenye vidole vya bibi.

Jirani yetu akafoka: "Bwana shamba, kwenu mnapura au mnapigana?"

Bibi alikaa pembeni, mkono umevimba, pumzi imemwishia. Akanitazama. "Anzisha wewe."

Bwana shamba alinitolea macho. Nilifumba ya kwangu nikaimba. Mstari wetu ukaitikia, wa pili ukaitikia, fimbo zikashika njia yake. Ijumaa jioni magunia yalikuwa yameshonwa midomo, na bwana shamba mwenyewe alikuwa ameshika fimbo, anaitikia vibaya, jirani anamcheka: "Taratibu baba, utatuua!"

Basi hilo ndilo jibu. Tungepewa mikono bila wimbo tungevunjana vidole. Kwenye wimbo unajua mwenzako atapiga lini hata kama jina lake hulijui. Wale wageni wa kiwanja kile tulikuja kuoana.

Siku hizi mtama unapurwa na mashine. Siililii kazi ile, ilituvunja migongo. Lakini mashine inanguruma, kila mtu anangoja zamu yake, anabeba gunia lake, anaondoka. Nikipita hapo wananipa shikamoo, naitikia marahaba, na sijui ni watoto wa nani.