Mfereji wa Kanisa

Kuna watu wakisikia harufu ya iliki wanakumbuka sikukuu. Mimi hasira hunipanda. Naweza kuwa napita tu karibu na hoteli hapa Meru mjini, chai inachemka huko jikoni, na kabla sijavuka barabara tayari nimeuma meno. Acha niwaeleze kwa nini.

Nilipokuwa darasa la tatu, kule Kianjai, chumba kilichopakana na nyumba yetu kilipangishwa kwa mwanamke kutoka upande wa Moyale na binti yake, Hawa. Mtaani kwetu Waislamu walikuwa hao wawili tu. Mama Hawa aliwauzia wachuuzi wa miraa chai ya iliki na mahamri, na alfajiri harufu yake ilipenya kwenye nyufa za mbao ikanifuata hadi kitandani. Hawa alijifunza Kimeru kwa muhula mmoja, akaanza na matusi ya kufukuzia mbuzi. Mwezi wa mfungo alikuwa akikaa kando yangu nikila ndizi za kuchemsha, akiniomba nimsimulie zilivyo tamu.

Mama yangu aliwapenda tangu siku ya kwanza. Yeye mwenyewe aliolewa hapo kutoka Gachoka, na wanawake wa Kianjai walikuwa hawajachoka kuiga Kimbeere chake na kucheka.

Kanisa lilipoleta maji, mtaa mzima ulichimba mtaro. Mama Hawa naye alichimba, tena akawapikia wachimbaji chai bila kudai chochote. Mfereji wa koki ukawekwa uani mwa kanisa, tukawa tunateka sote.

Kisha redio ikatangaza kwamba watu wameuawa katika mji wa mbali, na waliowaua walijiita Waislamu. Asubuhi iliyofuata tulikuwa kwenye foleni ya maji. Zamu ya Mama Hawa ilipofika, Mzee Mutwiri, mzee wa kanisa aliyesimamia mfereji, aliufunga.

"Maji haya ni ya watu wa kanisa," alisema.

"Mzee, huu mtaro si tulichimba pamoja?"

"Nyinyi ndio mnaua watu."

"Mimi? Nimemuua nani?"

Hawa alikuwa ameukumbatia mtungi mtupu, anaangalia viatu vyake. Wanawake wote waliokunywa chai ya mama yake walinyamaza. Mama yangu aliinua mtungi wake uliojaa, akautua miguuni pa Mama Hawa.

"Chukua haya."

"Mama Kendi," Mzee Mutwiri akamwambia, "hata wewe ulikuja hapa juzi. Usitufundishe."

"Nimezaa hapa watoto wanne," mama akajibu, "na bado nimekuja juzi?"

Tangu siku hiyo mama hakuteka tena maji pale. Alienda mtoni na Mama Hawa, sisi watoto tukiwafuata nyuma tukinung'unika. Baba alimsihi aombe radhi yaishe. Akakataa. Na hata hivyo haikusaidia. Mwenye nyumba aliambiwa achague kati ya mpangaji wake na majirani, naye akachagua. Mama Hawa na bintiye wakapanda pikapu ya miraa kwenda Isiolo. Nilipunga mkono mpaka ukauma, lakini Hawa aliangalia mbele tu. Sikumwona tena.

Kwa miaka mingi nilimchukia Mzee Mutwiri peke yake. Ilikuwa rahisi, maana alikuwa na sauti kali na hakupenda watoto. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kuwa mzee mmoja mwenye goti bovu hangeweza kuwashinda wanawake wote wale. Wangesema neno moja tu, angefungua. Yeye alishakufa. Wao wapo, wananikumbatia sokoni na kuniuliza habari za kazi, na mimi nawajibu kwa adabu huku moyo unachemka.

Krismasi iliyopita mmoja wao, Mama Nkatha, alikuja kwetu. Tulipokuwa tukinywa chai akamkumbuka Mama Hawa.

"Alikuwa mama mzuri sana," alisema. "Sijui ni nini kilimfanya ahame."

Nilifungua mdomo, lakini mama alinitangulia.

"Ulikuwa kwa laini ya maji," alimwambia polepole. "Ulikuwa nyuma yangu."

Mama Nkatha akaomba apewe sukari.