Mwaka Nilipopunguzwa Matiti

Miaka ile sabuni na sukari vilikuwa vimeanza kurudi madukani Musoma, na mitumba ilikuwa imejaa sokoni Nyasho, lakini hata kwenye mafungu ya mitumba sikupata sidiria ya kunitosha. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wanne, na matiti yangu yalikuwa makubwa mno. Mikanda ya sidiria ilinichimba mabega hadi ikaacha mifereji. Wakati wa joto ngozi ya chini ya matiti ilichubuka. Nikiinua mkono kuandika juu ya ubao, shingo iliwaka moto.

Watu walisema nimejaliwa. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akiishi Mugango, alisema hivyo hivyo.

Ndipo akaja daktari mgeni wa upasuaji katika hospitali moja ya misheni upande wa Bunda. Mume wangu alinisindikiza. Daktari alinichora kifuani kwa kalamu nikiwa nimesimama, akanieleza polepole, nesi akimsaidia maneno.

"Tutatoa nyama iliyozidi, iliyobaki tutaiinua. Chuchu tutazipandisha. Makovu hayatafutika. Huenda usihisi kitu hapo tena, na huenda usiweze kunyonyesha."

"Nimeshamaliza kuzaa," nilisema.

"Na hiyo shingo?" mume wangu akauliza.

"Ndiyo tunayoihangaikia."

Dawa ya usingizi iliingia mshipani ikiwa baridi. Niliona ziwa la kwetu Bukima limesimama wima kama pazia, nami napita ndani yake bila kulowa. Dagaa walinipita masikioni wakimetameta. Marehemu mama alikuwa akianua dagaa wengine waliotandazwa juu ya mawingu. Hakuniita, alinitazama tu, na mimi sikuwa na uzito wowote. Sikutaka kutoka.

Nilizinduka na kiu kali. Kifua kilikuwa kimefungwa bandeji, na kila pumzi ilivuta nyuzi.

Niliporudi nyumbani nilikatazwa kubeba ndoo, kufua, hata kuinua mikono kujisuka. Nililala chali nimeegemea mito ya pamba, nikisinzia na kuamka, nisijue kama sauti za nje ni za watoto wangu au za utoto wangu. Mama mkwe akaja kunitunza. Nilimwogopa, maana kwetu mkwe hajivui nguo mbele ya mkwe. Bandeji zilikuwa za shida, hivyo yeye alizifua, akazichemsha, akazianika, akazipiga pasi ya mkaa. Siku ya kwanza kunifungua aligeuza uso pembeni. Siku iliyofuata hakugeuza.

"Yanauma?" aliuliza.

"Yanawasha, mama. Na huku kushoto sihisi kitu."

Aliendelea kukunja bandeji. "Mimi nilikuwaga naona unainama tu ukitembea, nikadhani unaona haya. Kumbe ni uzito."

Nililia, naye akaniacha nilie.

Kisha chini ya titi la kushoto mshono ukaachia kidogo, maji yakawa yanatoka. Niliona nimeharibika. Tulirudi hospitali, nesi akapaosha kwa maji ya chumvi, akasema kidonda cha namna hiyo hutokea na hujifunga chenyewe kikiwekwa safi. Kilijifunga, ila taratibu, na kovu la upande ule likawa pana kuliko la kulia.

Uvimbe ulipokwisha nilijifungia chumbani nikajitazama kwenye kioo. Yalikuwa madogo, yamekaa juu, na makovu mekundu yakishuka katikati. Yalionekana kama ya mtu mwingine aliyenizidi ujana. Nilisimama pale muda mrefu nikimzoea.

Mume wangu aliuliza kwa sauti ya chini kama anaruhusiwa kuona. Nilimwonyesha. Aliweka kidole kwenye mfereji wa bega langu, si kifuani, akasema, "Hapa ndipo palipokuwa pananisumbua mimi."

Nilirudi darasani mikono ikiwa bado mizito. Nikaandika kuanzia juu kabisa ya ubao, neno baada ya neno, chaki ikinidondokea usoni kama unga. Wanafunzi wangu walinakili bila kujua kitu. Chuchu ya kushoto haihisi kitu hadi leo. Jumamosi moja mchana nilitandika mkeka sakafuni, nikalala kifudifudi kwa mara ya kwanza tangu usichana, shavu kwenye ukindu, nikasikia moyo wangu ukigonga sakafu moja kwa moja.